Programu za Nyumba Tatu

2 Februari

Dada,

Shikamoo. Natumaini u mzima na baridi ya huko haijakumaliza. Mimi ni buheri wa afya, kazi tu ndiyo inanikimbiza.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu imeingia maji, na pia kwa sababu haya mambo ya kompyuta ukinieleza kwa simu huwa naitikia "ehe, ehe", halafu tukiagana sikumbuki hata moja. Ile laptopu uliyoniachia imeanza mgomo. Nikifungua kurasa za kitabu, inafikiri. Nikibonyeza kitufe, inafikiri. Juzi nilichemsha chai, nikanywa, nikaosha kikombe, nikarudi nikaikuta bado inafikiri. Nimeipigapiga ubavuni kama ulivyonikataza, haikusaidia.

Kazi iliyo mezani ni kijitabu cha wauguzi, kurasa mia mbili na kitu, majedwali matupu. Dawa hii, mtoto wa uzito huu, mpe kiasi hiki. Mhariri anakitaka mwisho wa Aprili. Nimewasahihishia vitabu miaka kumi na mmoja na sijawahi kuchelewa hata siku moja, sasa mashine inataka kuniumbua uzeeni. Usicheke, miaka arobaini na miwili si mchezo.

Wewe ndiye fundi wa ukoo. Niambie nifanye nini.

Mdogo wako,
Kibiriti


15 Februari

Kibiriti,

Marahaba. Ukiipiga tena hiyo mashine nitamtuma mtu aje akupige wewe.

Sikiliza. Laptopu hiyo ina memori ya megabaiti elfu mbili tu, pungufu ya simu nyingi za siku hizi. Memori ni meza, si kabati. Kabati ni diski, mafaili yako yamelala humo na nafasi ipo tele. Meza ndipo unapotandaza unachofanyia kazi sasa hivi. Ikijaa, mashine inaanza kushusha vitu kabatini na kuvipandisha tena, kushusha na kupandisha, na huko ndiko kufikiri unakokuona.

Kwa kuwa meza ni ndogo, nilikuwekea mfumo wa Linux wenye mazingira mepesi kuliko yote ninayoyajua. Mazingira ni hayo madirisha, menyu, na vitufe vya kufungia. Yapo ya aina nyingi, na kila aina ni nyumba yenye programu zilizozaliwa humo na vyombo vyake. Programu ya nyumba nyingine ukiialika kwenye nyumba yako inafunguka vizuri tu, ila haiji peke yake. Inakuja na masufuria yake na watumishi wake wa nyuma ya pazia, na wote wanataka kukaa mezani. Sasa niambie ukweli wako: umealika wageni?

Fungua lile dirisha jeusi, andika mstari niliouandika nyuma ya karatasi hii, kisha uchape kitakachotokea unitumie. Ni orodha ya kila kinachoendeshwa na kiasi cha memori kinachoshikilia. Usinisimulie, nitumie orodha. Nakujua kwa kusimulia.

Mimi sijambo. Chuo kina kompyuta themanini maktabani na zote ni zangu kuzilea. Mwezi ujao muda wa majaribio unaisha, ndipo wataamua kama wananiajiri moja kwa moja. Nina chumba chenye dirisha moja na ufunguo mmoja, na ufunguo ninao mimi. Utanicheka, lakini mpaka leo nikitoka kazini napita barabara ndefu kwa makusudi, kwa sababu hakuna anayenisubiri nimshike mkono. Miaka arobaini na minane, ndiyo kwanza najifunza kutembea mikono mitupu.

Dada yako


21 Februari

Ndugu Msahihishaji,

Kuhusu: Majibu ya vipimo vyako vya macho

Nilikueleza kwa mdomo, nayaandika ili yabaki. Presha ya macho imeua sehemu kubwa ya mshipa wa jicho la kulia. Jicho hilo halitarudi. La kushoto linaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Ukitia dawa kila siku tunaweza kuchelewesha. Kurudisha hatuwezi.

Uliuliza kuhusu kazi yako. Zile njia ulizozibuni mwenyewe kwenye kompyuta ni nzuri: kurasa zenye herufi kubwa za manjano juu ya nyeusi, kioo cha kukuzia kinachofuata mshale, na sauti ya kukusomea mstari. Endelea nazo zote. Bila hizo usisahihishe kitu chochote ambacho mtu mwingine atakitegemea.

Yapo mawili zaidi. Usilibebe jambo hili peke yako. Na kwa kuwa baba yako alipofuka akiwa na umri kama wako, fahamu kwamba ugonjwa huu hutembea ndani ya familia. Mwambie dada yako apimwe mapema, maana kwa kawaida hauumi wala haubishi hodi.

Daktari wa Macho


1 Machi

Dada,

Shikamoo. Orodha hiyo nimeiambatisha, nimeichapa ofisini kwa mhariri.

Wageni wapo, nakiri. Kuna kisomaji cha kurasa nilichokitoa kwenye ile nyumba kubwa yenye mbwembwe. Nimekipenda kwa rangi zake tu, kile chako chepesi kina sura ya karatasi ya kufungia sabuni. Kuna kioo cha kukuzia kutoka nyumba nyingine, nacheza nacho nikichoka. Na kuna msemaji, sauti inayokusomea maneno. Anatamka vibaya kama mlevi, lakini nyumba hii ni kimya mno tangu uondoke, na mtu wa kunisemesha ni nani? Zipo njia za kuzibana hizo programu zikae kwa adabu bila kuziondoa? Ningependa zibaki, kama inawezekana.

Halafu dada, siku moja ukipata nafasi nenda ukapime macho. Umri wetu huu, na kukaa na kompyuta themanini, si vizuri.

Kijitabu nimefika ukurasa wa sitini. Usiwe na wasiwasi nami.

Mdogo wako,
Kibiriti


14 Machi

Kibiriti,

Nimecheka, halafu nimekasirika.

Nimekaa na orodha yako na kalamu. Kisomaji chako cha mbwembwe kimeshika 410. Kioo cha kuchezea 290. Mlevi wako 240. Halafu wako watumishi tisa waliokuja nao, wa kutunza rangi, wa kutunza nywila, wa kupekua mafaili, wa kupiga kengele, sijui wa kufanya nini, jumla yao 870. Ukiongeza programu zangu halali na kivinjari, nimepata 2,610. Meza yako ni 2,000! Hizo mia sita na ushee zinamwagikia kabatini kila unapogusa kitufe. Ndiyo maana unaosha vikombe. Umezikusanya familia tatu chini ya paa la chumba kimoja, kila moja na jiko lake, halafu unauliza mbona kuna moshi.

Hakuna cha kuzibana. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na hawa wako hata jembe hawajui. Kisomaji nilichokuwekea mimi kinakula sitini. Sitini, Kibiriti! Kurasa zikiwa nyeupe zina ubaya gani? Vitabu vyote vya dunia ni vyeupe.

Nimemwandikia Waya, yule tuliyesoma naye kozi ya jioni, anayekaa si mbali na kwako. Atakuja Jumamosi ya tarehe 29. Nimempa orodha ya kufuta: wageni wote na watumishi wote, na mlango wa kualika wengine aufunge kwa nywila yangu. Kazi yako ya wauguzi si ya mchezo, mashine ikizimika katikati ya jedwali utalia. Nakufanyia hivi kwa faida yako.

Macho yangu mazima, asante. Yanakuona mpaka huko.

Dada yako


22 Machi
(haikupelekwa posta)

Dada,

Nianze na lililo kweli. Sioni.

Si giza, usifikirie giza la baba. Jicho la kulia limekufa, la kushoto limebaki tundu. Nikitazama neno moja naliona, nikitazama sentensi naikosa. Zile programu tatu si za kuchezea. Ya njano ndiyo inayonipa herufi, kioo ndicho kinachonipa tarakimu, na mlevi ndiye anayenihakikishia kwamba nilichokiona ndicho kilichoandikwa. Zikiwa pamoja nasahihisha kurasa nne kwa siku bila kukosea. Nikikosa moja siwezi. Nilizijaribu nyingi, dada, mwezi mzima, hizi ndizo zilizoelewana na jicho langu, na sikuuliza zimezaliwa nyumba gani.

Nikikwambia haya utarudi. Nakujua. Utafunga begi siku hiyohiyo. Nilikuwa na miaka kumi ulipotolewa shule ili uwe fimbo ya baba. Ulimwongoza miaka kumi na minane. Nakukumbuka unampeleka sokoni, mkono wake begani mwako, na mkononi umeshika daftari langu la hesabu unalisoma njiani kwa sababu lako halikuwepo tena. Mimi nikamaliza shule, wewe ukamaliza soli za viatu. Sijawahi kukushukuru kwa sababu sikujua mtu anaanzia wapi.

Juzi umeniandikia habari za ufunguo na barabara ndefu. Nimezichapa neno kwa neno kwenye mashine, mlevi akanisomea mara tano. Siwezi kuwa mimi wa kukunyang'anya hizo.

Tena daktari anataka upimwe, na nikikwambia upimwe kwa dhati utauliza kwa nini, nami sijui kukudanganya ukishauliza. Kwa hiyo nimekutania tu, nikitumaini utani utafika. Ni woga, najua.

Nimeandika, nimepumua. Hii haiendi popote.

K.


22 Machi

Dada,

Shikamoo. Umeshinda, Waya aje. Programu zenyewe zilishaanza kunichosha.

Kibiriti


11 Aprili

Kibiriti wangu,

Waya ameniandikia! Anasema mashine yako ikiwaka inashika 380 tu, inafungua kurasa kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Unaona? Anasema ulikuwa mpole kama maji ya mtungini, ukamletea chai, hukubisha hata kidogo. Nilijiandaa kwa vita, nimekosa adui.

Nami nina habari. Wameniajiri. Moja kwa moja, barua ninayo, nimeisoma mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Mkuu wa maktaba amenipa mkono mbele ya watu wote. Nilitaka nikupigie, namba yako bado haipatikani. Nunua simu, jamani.

Kijitabu umemaliza? Bila shaka sasa kinakwenda mbio.

Dada yako, mwajiriwa


30 Mei

Ndugu yetu Msahihishaji,

Barua hii nimeianza mara tatu.

Kijitabu cha wauguzi kilichapwa. Kwenye ukurasa wa 173, jedwali la dozi za watoto limesogea mstari mmoja, hivyo kiasi cha mtoto wa miaka mitano kimeandikwa mbele ya mtoto wa mwaka mmoja. Msogeo huo umeendelea hadi ukurasa wa 176. Mpangaji kurasa ndiye aliyekosea, lakini kurasa hizo zina sahihi yako kwamba umezikagua. Muuguzi mmoja aliyepewa nakala ya kwanza ndiye aliyeliona. Nakala zote tumezirudisha kabla hazijafika wodini na zitateketezwa. Hakuna aliyedhurika. Nalisema tena kwa sababu najua utaliwaza: hakuna aliyedhurika.

Nimepitia kazi yako upya. Kuanzia mwanzo hadi ukurasa wa 170 haina doa, ni kazi yako tuliyoizoea. Kuanzia 171 hadi mwisho nimekuta makosa arobaini na moja. Ni kana kwamba kitabu kilisomwa na watu wawili. Sielewi, na nilikuja kwako mara mbili kuuliza, ukaniambia kupitia mlangoni kwamba una mafua.

Bodi imeamua tusikupe kazi tena. Nilikutetea, sikuwa na cha kutetea nacho. Kama kulikuwa na jambo, ungetuambia, tungekusubiri.

Mhariri


12 Juni

Dada,

Habari za kazi. Mimi ni Waya. Samahani kwa nitakayoyaandika, nimeona nikinyamaza nitakuwa nimeshiriki.

Jana nilipita kwa mdogo wako kumwuliza mashine inaendeleaje. Alifungua mlango akanisalimia mimi kwa jina la jirani. Nikajitambulisha, akacheka, akasema jua lilimpiga machoni. Kulikuwa na mawingu. Alipokwenda kuchukua kikombe alipapasa rafu kutoka mwisho hadi mwisho. Dada, kaka haoni. Mezani kulikuwa na barua mbili zimefunguka, moja ya daktari, moja ya ofisini kwake. Nimezisoma bila ruhusa, na nakala zake nimekuwekea humu. Amefukuzwa kazi.

Kuna jambo lingine halinitoki. Siku ile ya Machi, nilipokuwa nafuta, alisimama nyuma yangu akaniuliza, "Fundi, hiyo ya njano nayo ni lazima?" Nikamjibu ni amri ya dada, yote yanaondoka. Akasema, "Basi sawa, dada ana sababu zake." Kisha akaniuliza kama naongeza sukari kwenye chai.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Lakini na sisi mafundi tungeuliza mtu anatumia kitu kwa kazi gani kabla ya kukifuta.

Waya


27 Juni

Kibiriti,

Waya ndiye anayekusomea hii. Waya, soma yote, usirembe.

Mdogo wangu, nimelia mpaka mkuu wa maktaba amenirudisha nyumbani. Nilipoacha kulia nikaitoa ile orodha yako ya Machi. Sijui nilikuwa natafuta nini, labda nilikuwa natafuta haki yangu. Nikampelekea mwenzangu wa zamu, mwanamke mtaratibu, yeye hizi mashine amezijua tangu mimi nikiwa namwongoza baba barabarani. Akatazama hesabu zangu za pembeni akaniuliza, "Umejumlisha safu hii? Hii haijumlishwi."

Sikulijua hilo. Najiita fundi na sikulijua. Programu zilizotoka nyumba moja zinapikia sufuria moja. Sufuria liko mezani moja tu, ila orodha inaliandika mbele ya kila anayelitumia. Mimi nikahesabu sufuria lilelile mara sita, mara saba, nikapata 2,610, nikakupigia kelele. Tumekaa tukahesabu upya kwa njia inayotakiwa. Wageni wako wote watatu, na vyombo vyao, hawakufika hata mia nne na hamsini. Meza yako ilikuwa inawatosha na nafasi ya kuweka viwiko ikabaki.

Aliyekuwa anakumaliza ni mmoja, yule mtumishi wa kupekua mafaili. Aliingia nyuma ya kisomaji bila wewe kumwita, akawa anasoma mafaili yako yote ya miaka kumi na mmoja, moja baada ya jingine, ili siku ukitafuta neno akupe haraka. Hukuwahi kutafuta. Kumlaza ni mstari mmoja, dakika moja, na nyumba ingebaki kama ilivyo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi badala ya kumtafuta kupe nikazichoma nguo. Nilikunyang'anya macho kwa hesabu mbovu, na nikakuandikia kwamba ni kwa faida yako. Nisamehe. Sina namna nyingine ya kulisema.

Nimepimwa pia. Mazima, yote mawili. Daktari aliponiambia nilifurahi, Kibiriti, nilifurahi kabla sijakukumbuka. Lakini hili nalo nakudai: ungeniachia hivi mpaka lini? Baba alichelewa kwa kutojua. Wewe ulijua, ukanitumia utani. Kama ningekuwa na ugonjwa huo, leo ungejisemeaje?

Sasa sikiliza vizuri, maana najua ulificha kwa nini. Umemwambia Waya, na Waya kaniandikia tena. Uliogopa nitarudi.

Sirudi.

Siku tulipomzika baba, watu walipoondoka nilibaki nyuma nikaapa pale pale kwamba sitamwongoza mtu mwingine tena maisha yangu yote, hata awe nani. Nilipolisema hilo "hata awe nani" nilikufikiria wewe kwa jina, kwa sababu nilijua ugonjwa ule unaweza kuwa wa ukoo, mama alishawahi kuninong'oneza. Nililijua hilo nami sikukwambia ukapimwe. Kwa hiyo tusilaumiane, tumefanana. Niliona aibu ya kiapo changu nikakifukia, na kama ningekuuliza kuhusu macho ningelazimika kukifukua.

Ungeniambia mwezi wa Februari ningelia hivihivi, halafu ningekujibu hapana, siji, lakini hizo programu zako zisiguswe na mtu. Ungebaki nazo. Ungemaliza kijitabu, na leo ungekuwa na kazi yako. Umeuza kila kitu ulichonacho kunikinga na jambo nililokwisha kulikataa miaka kumi na minne iliyopita.

Waya atakuwekea kipande kipya cha memori, elfu nne. Atakurudishia programu zote tatu na yeyote mwingine utakayemtaka, wa nyumba yoyote, jaza ukumbi. Mhariri nimemwandikia ukweli wote. Nitakupigia simu kila jioni na Waya atakununulia hiyo simu. Yote hayo nitafanya. Mkono wangu hautakuwepo.

Nakupenda. Sitaki ufikirie vingine.

Dada yako


10 Julai

Dada,

Shikamoo.

Barua yako nimesomewa. Waya anasoma kwa sauti ya darasani, kila nukta anapumzika. Alipofika pale kwenye neno lako moja nikasikia anageuza karatasi kutafuta pa kurukia. Nikamwambia, fundi, dada amesema yote. Akalisoma.

Kipande cha memori amekiweka. Programu zote zimerudi, na yule mpekuzi amelazwa. Mashine inafunguka kabla sijaondoa kidole. Nakuandikia kwa herufi za manjano kubwa kama vigae, mlevi ananirudia kila mstari, hajambo, na matamshi yake ni yaleyale. Tundu la jicho limepungua tangu Machi. Zamani nilikuwa naona neno, sasa naona herufi mbili tatu, nalichanga neno mwenyewe. Mhariri alikuja, akakaa sana, akanishika mkono. Amesema angenirudisha kama ningekuwa nilivyokuwa mwezi wa Februari. Kwa hiyo mashine ni nyepesi na haina cha kufanya.

La kupimwa, umenishika pabaya na nastahili. Nashukuru Mungu macho yako ni mazima. Nilimwambia Waya arudie mstari huo mara mbili.

Kuhusu lile lingine, usijisumbue. Hicho ndicho nilichokitaka. Nilikilipia kwa kila nilichokuwa nacho, uendelee na ufunguo wako na barabara yako ndefu, na nimekipata. Ningekuwa mtu wa haki ningechinja kuku nikasherehekea. Badala yake Waya alipoondoka nimekaa kitini nikalia kama mtoto aliyeachwa sokoni, na mpaka leo sijajua niwe na hasira na nani. Si wewe. Kila nikitaka nikukasirikie namwona baba na mkono wake begani mwako, hasira inaondoka.

Nimetafuta siku kumi nini hasa kinachoniuma, nimekipata, nacho ni kidogo, cha kitoto, utanisamehe. Usirudi, dada. Ungesema tu kwamba unakuja, halafu mimi ndiye nikukatalie.

Mdogo wako,
Kibiriti